Soko la kupewa na soko la makubaliano: barua ya wazi kwa vijana mnaojadili biashara ya nje

Wanangu, maofisa wa wizara za biashara, wa forodha na wa balozi za nchi ambazo uchumi wake bado unachipukia,

Kila ninapokutana na mmoja wenu naulizwa swali lile lile: sasa tushike wapi? Mlifundishwa kwamba biashara ya dunia ina kanuni, kanuni zina baraza la usuluhishi, na baraza lina rufaa. Mkaingia kazini mkakuta rufaa haina majaji, ushuru unatangazwa na kufutwa ndani ya wiki moja, na walioziandika kanuni ndio wa kwanza kuziruka. Baadhi yenu mmeanza kusema tufunge milango, tujitegemee. Wengine mnasema tuchague mkubwa mmoja tukae nyuma yake. Nimewasikiliza wote, na nimeona niwajibu kwa maandishi ili mnipinge mkiwa na maneno yangu mkononi.

Anzeni kwa kujua mna nini. Soko lolote la nje mnalouza leo, ama mlipewa ama mlikubaliana. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko mnavyoichukulia, kwa sababu aliyekupa hana deni kwako.

Chukueni ule mpango wa Marekani wa AGOA, uliotungiwa sheria mwaka 2000. Ulifungua soko la Marekani bila ushuru kwa bidhaa nyingi za nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na kwa sababu yake viwanda vya mavazi vikajengwa Lesotho, Madagascar, Kenya na kwingineko. Ajira zilikuwa za kweli, na sitaki mtu azidharau. Lakini masharti yaliandikwa Washington, na Washington ndiyo iliyokuwa ikiamua nani anastahili. Madagascar iliondolewa baada ya mapinduzi ya 2009, ikarudishwa 2014. Ethiopia iliondolewa mwanzoni mwa 2022 kwa sababu ya vita. Septemba 2025 muda wa sheria yenyewe ukaisha bila kurefushwa kwa wakati. Na miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2025, Marekani ilipotangaza ushuru mpya kwa dunia nzima, Lesotho ikajikuta imewekewa asilimia 50, kiwango cha juu kuliko vyote katika orodha ile. Baadaye kilishushwa hadi 15, lakini wanunuzi walikwishasita kuagiza. Ulaya nayo ina mpango wake wa kuruhusu kila kitu isipokuwa silaha kiingie bila ushuru kutoka nchi maskini zaidi, ulioanza 2001, na Agosti 2020 Cambodia iliondolewa sehemu ya nafuu hiyo kwa sababu za haki za binadamu. Sijadili hapa kama sababu hizo zilikuwa nzuri au mbaya. Ninachotaka mkione ni kwamba aliyeamua ni mmoja, na hakulazimika kuuliza.

Je, msipokee? Pokeeni, tena kwa shukrani. Ila soko la kupewa lihesabuni kama muda, mjiulize mnautumia kujenga nini. Katika AGOA kulikuwa na kifungu kilichoziruhusu nchi nyingi kushona nguo kwa kitambaa kutoka popote duniani. Kifungu hicho kiliokoa viwanda vingi vilivyokuwa vikianza, na ninaelewa kwa nini kila kilipokaribia kuisha watu walihangaika kirefushwe. Lakini kwa miaka yote hiyo, katika nchi nyingi, pamba ilitoka nje ikiwa ghafi na kitambaa kikaja kutoka Asia, kazi ya nyumbani ikabaki kukata na kushona. Mwenye kiwanda cha namna hiyo anaweza kukihamisha haraka sana. Mwenye kiwanda cha kusokota uzi, kufuma na kutia rangi hawezi, maana ametandaza mitambo na amefundisha watu. Nafuu ikiisha, ujuzi uliokwisha kuingia mikononi mwa watu hauondoki nayo. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa mkipeleke kwa mawaziri wenu kila wanaposherehekea kufunguliwa soko.

Sasa soko la makubaliano. Hili lina nguvu zaidi, lakini haki isiyodaiwa hailipwi. Brazil iliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 kwa ruzuku za pamba. Ikashinda, ikashinda tena kwenye rufaa 2005, ikaruhusiwa kulipiza mwaka 2009, na mwaka 2014 pande mbili zikamaliza shauri kwa Marekani kulipa dola milioni 300. Miaka 12! Brazil iliweza kwa sababu ilikuwa na wachumi wa kuhesabu hasara, fedha za kulipia mawakili, na soko kubwa kiasi cha kutishia kulipiza, hata kwenye hakimiliki. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililileta jambo hilo hilo la pamba mwaka 2003, kwa njia ya mazungumzo. Hoja yao ilikuwa nzito kuliko ya Brazil, kwa kuwa wakulima wao ni maskini zaidi. Walisikilizwa kwa heshima kubwa, wakaahidiwa mengi, na hadi leo wanazungumza. Kwa hiyo nawasihi: msiende Geneva, yalipo makao ya shirika hilo, peke yenu na hoja nzuri. Nendeni na takwimu zenu, mawakili wenu, na wenzenu wenye maslahi kama yenu. Kama nchi moja haiwezi kumlipa wakili, nchi tano zinaweza.

Baraza la rufaa la shirika hilo limekwama tangu Desemba 2019, baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa majaji wapya. Hapa najua wapo kati yenu wanaofurahi, na mfano wao ni Indonesia. Indonesia ilizuia kuuza nje nikeli ghafi tangu Januari 2020, ili madini yayeyushwe nyumbani. Umoja wa Ulaya ukashtaki, na Novemba 2022 jopo likaamua kwamba katazo lile linavunja kanuni. Mwezi uliofuata Indonesia ikakata rufaa kwa baraza lisilo na majaji, na shauri likalala hapo. Tanuri zikaendelea kujengwa.

Msishangilie haraka. Pengo lililomeza shauri dhidi ya Indonesia litameza pia shauri lenu siku mtakayoonewa, na nyinyi mtaonewa mara nyingi kuliko mtakavyoonea. Halafu kabla ya kuiga katazo lile, angalieni alilonalo aliyelitunga: Indonesia ina akiba kubwa ya nikeli kuliko nchi yoyote. Mnunuzi hakuwa na pengi pa kwenda. Nchi yenye sehemu ndogo ya madini fulani ikifunga mlango, mnunuzi hubadilisha njia tu, na wachimbaji wa nyumbani ndio hubaki na mzigo. Zaidi ya hayo, tanuri nyingi za Indonesia zilijengwa kwa mtaji wa China na zinatumia umeme wa makaa ya mawe, kwa hiyo hata ushindi ule umekuja na utegemezi wake na moshi wake. Mimi naunga mkono kuongeza thamani nyumbani kwa moyo wangu wote. Ninachokataa ni kunakili sheria ya mwingine bila kuhesabu nguvu iliyokuwa nyuma yake.

Kuhusu rufaa, kuna mlango mwingine uliofunguliwa 2020: mpango wa muda wa usuluhishi ambao wanachama kadhaa, wakiwemo Umoja wa Ulaya, Brazil na Mexico, walikubaliana kuutumia badala ya baraza lililokwama. Colombia na Umoja wa Ulaya waliutumia kumaliza ugomvi wa viazi vya kukaanga vilivyogandishwa, na uamuzi ukatoka 2022. Kama nchi yenu haijajiunga, ulizeni kwa nini.

Nirudi nyumbani, maana huko ndiko sera ya biashara inakotengenezwa au kuharibiwa. Kulinda viwanda vichanga si dhambi, na anayewaambia kwamba nchi tajiri zilipanda juu bila kulinda hajasoma historia. Lakini ulinzi usio na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa posho ya wachache. Mwaka 1984 Brazil ilitunga sheria ya kulihifadhi soko lake la kompyuta kwa kampuni za ndani. Kompyuta zikawa ghali na za kizamani, kila ofisi na kila kiwanda kikaumia, na hifadhi ile ikaondolewa mwaka 1992. Korea Kusini nayo ililinda, tena kwa ukali. Ila tangu miaka ya 1960 serikali yake iliwapa mikopo nafuu wale waliouza nje, ikafuatilia mauzo hayo mwezi kwa mwezi, na asiyeuza akakosa. Aliyelindwa alijua atapimwa mbele ya mnunuzi wa nje asiyemjua wala kumwonea huruma. Basi mnapopandisha ushuru, andikeni kwenye tangazo lile lile siku utakaposhuka na kipimo ambacho mwenye kiwanda lazima akifikie. Na mtafuteni yule anayeitumia bidhaa hiyo kama malighafi. Ushuru wa chuma unamfurahisha mwenye kinu na kumuumiza kila anayetengeneza kitu kwa chuma, na hao wa pili huwa wengi zaidi, ila hawana mtu wa kuwasemea wizarani.

Mnaniambia mara kwa mara kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Msemo huu ni wa kweli, lakini nchi haijaota mahali ikang'ang'ana na udongo. Tangu Marekani na China zianze kutozana ushuru mwaka 2018, viwanda vingi vimehama, na mwaka 2023 Mexico iliipita China kwa kuiuzia Marekani bidhaa. Vietnam nayo ilinufaika sana, na haikuwa bahati: ilianza mageuzi yake 1986, ikafanya makubaliano ya biashara na Marekani yaliyoanza 2001, ikaingia Shirika la Biashara Duniani 2007, na mkataba wake na Umoja wa Ulaya ukaanza kutumika 2020. Kila mlango ulifunguliwa kabla haujahitajika. Hata hivyo, Aprili 2025 Marekani ikaipiga ushuru wa asilimia 46. Ikajadili, Julai ikatangaziwa 20, lakini kwa bidhaa zinazopitishwa tu Vietnam kutoka nchi nyingine ikatajwa 40.

Hiyo 40 ndiyo ninayotaka muitazame nyinyi wa forodha. Cheti cha uasili wa bidhaa, yaani kinachothibitisha imetengenezwa nchi gani, kinaonekana kama karatasi ndogo ya ofisi ndogo, lakini sasa ndicho kitu cha thamani kubwa mpakani. Mkikisaini kwa bidhaa ambayo imebadilishwa lebo tu, mmeuza jina la nchi nzima kwa faida ya mfanyabiashara mmoja, na watakaolipa ni wale wenye viwanda halisi. Wapeni maofisa wa kazi hiyo mafunzo, mishahara ya kutosha na ruhusa ya kukataa. Ningeweka fedha hapo kabla ya kuzitumia kwenye maonyesho ya biashara.

Mipaka mipya nayo imekuja kwa sura ya mazingira. Tangu 1 Januari 2026 Umoja wa Ulaya umeanza rasmi kutoza gharama ya kaboni kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni kutoka nje. Lalamikeni, mna haki ya kulalamika, kwa kuwa waliochafua anga kwa karne mbili si nyinyi. Lakini wakati mnalalamika, pimeni hewa chafu ya viwanda vyenu wenyewe, kwani asiye na vipimo vyake anaweza kuhesabiwa kwa makadirio ya mwingine, na makadirio hayo hayatampendelea. Tena sheria ile inakubali kupunguza kile ambacho mzalishaji amekwisha kulipia kaboni katika nchi yake. Kama fedha hiyo lazima itoke, afadhali ibaki katika hazina yenu.

Jambo la akiba ya fedha za kigeni nitaligusa kwa ufupi, ingawa linaweza kuangusha mengine yote. Mwaka 1991 India ilibakiwa na fedha za kigeni za kuagizia bidhaa kwa wiki chache tu, ikapeleka dhahabu London kama dhamana. Mageuzi yaliyofuata chini ya waziri wa fedha Manmohan Singh yalihitajika na yameisaidia. Lakini hakuna anayejadili vizuri akiwa anaishiwa dola. Kaeni karibu na benki kuu zenu, mjue hali kabla hamjapanda ndege.

Na mkifika mezani, someni viambatisho. Siku hizi kinachoombwa si kushusha ushuru peke yake. Mtaombwa muahidi kutozuia data kutoka nje, kutopendelea kampuni za ndani katika manunuzi ya serikali, kutotoza ushuru wa kusafirisha madini. Pengine baadhi yanafaa. Lakini kila ahadi ya namna hiyo inapunguza nafasi yenu ya kesho. Brazil, kwa mfano, iliahidi katika Shirika la Biashara Duniani ukomo wa ushuru ambao wastani wake ni takriban asilimia 31, na inayotoza haifiki nusu ya hapo. Nafasi iliyo katikati ni mali. Msiiuze kwa ahadi ya msamaha ambao mwenzenu anaweza kuufuta kwa saini moja.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu majalada. Wajumbe wa nchi kubwa hubadilika, lakini anayekuja hukuta maandishi ya aliyetangulia. Kwetu ofisa akihamishwa huondoka na kumbukumbu zote kichwani, na mgeni huanza upya mbele ya watu wanaokumbuka kila neno tulilosema. Baada ya kila kikao andikeni tuliomba nini, tulitoa nini, kwa sababu gani, na nani alitushauri. Hakikisheni nakala inabaki wizarani na nyingine benki kuu. Wale mnaohamishwa mwaka huu, fanyeni hivyo kabla ya kukabidhi ofisi. Na wale mnaopokea ofisi, msisaini hati ya makabidhiano mpaka mmeyaona majalada hayo.

Mzee wenu,
mstaafu wa mazungumzo ya biashara