Tupime upepo kwanza, ndipo tubonyeze kitufe

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lenu nizungumzie ile taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati, inayoonya kwamba upepo wa tairi umepungua, ambayo katika miezi hii ya baridi huwaka asubuhi katika magari mengi ya Lubumbashi, na ambayo madereva wengi hushauriwa waizime kwa kubonyeza kitufe kilicho chini ya usukani. Wanaotoa ushauri huo wana nia njema, lakini ushauri wenyewe unaweza kuua watu.

Mwezi wa Juni na wa Julai, alfajiri ya kwetu mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10, na mchana wa siku ileile hufika nyuzi 25. Upepo wa tairi hunywea kwa baridi: kila joto likipungua kwa nyuzi 10, tairi ya gari dogo hupoteza takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha upepo wa tairi). Tairi iliyojazwa mchana, tena mara baada ya safari ikiwa bado ya moto, itapungukiwa kesho yake alfajiri hata kama haikuchomwa na msumari wowote. Taa inayowaka saa hiyo inasema kweli, na dawa yake ni pampu.

Sasa kitufe. Katika magari mengi, kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kwamba upepo uliomo wakati huo ndio sahihi, na kwamba kuanzia hapo hesabu zote zifuate kipimo hicho. Tuseme gari linahitaji bar 2.3, na tairi zina 1.7. Dereva akibonyeza, gari litaikubali 1.7 kuwa kipimo kamili, na kama limewekewa kuonya upepo unapopungua kwa robo, litanyamaza hadi ukaribie 1.3. Tairi yenye upepo huo, ikibebeshwa abiria na mizigo na kukimbizwa kuelekea Likasi au Kasumbalesa katika jua la Oktoba, hukunjika ubavu kila inapozunguka, hupata moto kwa ndani, nyuzi zake huachana na mpira, kisha hupasuka. Marekani ilitunga sheria ya vifaa vya kuonya upungufu wa upepo wa tairi mwaka 2000, baada ya watu wengi kufa katika magari ya Ford Explorer yaliyopinduka tairi zake za Firestone zilipochanika. Kwa hiyo tupime kwanza gari likiwa limelala angalau saa tatu, tujaze kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala si namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu hiyo ni kikomo cha tairi yenyewe. Hapo ndipo kitufe kina haki yake.

Jambo la pili ni taa inayopepesa kwa dakika moja hivi gari linapowashwa, kisha ikabaki inawaka. Hiyo kwa kawaida huonyesha kwamba mtambo wenyewe una hitilafu, na mara nyingi ni kihisi kimoja kilichokufa, yaani kile kifaa kidogo kinachopima upepo wa tairi na kulijulisha gari. Kihisi hukaa ndani ya gurudumu, kimeshikana na vali, na betri yake imefungiwa humo kiwandani, hivyo ikiisha baada ya miaka 5 hadi 10 hubadilishwa kihisi kizima. Magari mengi hutufikia yakiwa tayari na umri huo.

Kazi ya kukibadilisha inaweza kufanyika nyumbani, pamoja na fundi wa kwado, yaani mziba matairi, mradi afanye polepole. Gari liwe mahali tambarare, limezuiwa kwa mawe na kuinuliwa kwa jeki. Upepo wote utoke kabla ya tairi kubanduliwa kwenye rimu. Chuma cha kubandulia kisianzie karibu na vali, maana hapo ndipo kihisi kilipo, na pigo moja hukivunja. Hapa ndipo vihisi vingi vizima hufa, na mteja huondoka bila kujua. Mpira wa kuzuia upepo uwe mpya. Nati ya vali ya alumini haihitaji nguvu ya mkono mzima, kwani kwa kawaida hukazwa kwa nyutoni-mita 8 hivi tu (nyutoni-mita ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ulimi wa ndani wa vali hiyo uwe uliopakwa nikeli. Ule wa shaba tupu huliwa na kutu hadi ukagandamana na vali. Tena, kabla tairi haijafungwa, namba ya kihisi iandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa baadaye haisomeki bila kuibandua tairi upya au kutumia kifaa maalumu.

Wanunuzi wengi hupoteza pesa kwenye masafa, yaani masafa ya mawimbi ya redio ambayo kihisi hutumia kuzungumza na gari. Magari ya soko la Marekani kwa kawaida hutumia megahezi 315, na ya Ulaya megahezi 433. Kihisi cha upande mmoja hakisikiki katika gari la upande mwingine, hata kama vali zinafanana kabisa. Kisha gari lazima lifundishwe kukitambua kihisi kipya. Mengine hujifunza yenyewe yakiendeshwa, mengine huhitaji utaratibu wa kwenda gurudumu kwa gurudumu, na mengine huingiziwa namba kupitia tundu la uchunguzi lililo chini ya dashibodi. Vipo pia vihisi vitupu vinavyoweza kunakiliwa namba ya kile cha zamani, na kwa magari ya kundi hili la mwisho ndivyo ninavyovipendekeza, kwa sababu gari halitagundua kwamba kuna kilichobadilika.

Nawaomba wauzaji wa magari wamweleze mnunuzi soko lililotengenezewa gari lake, ili ajue masafa ya kutafuta. Nawaomba pia viongozi wa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, hapa mjini wahakikishe kwamba kijana anayejifunza ufundi wa magari anakishika kihisi mkononi na kukifunga kwenye rimu kabla ya kupewa cheti chake.

Msomaji wenu,
Kampemba, Lubumbashi