Ombi la kunitunzia fedha za matembezi ya Kongwa

Dodoma,
14 Julai

Mpendwa rafiki yangu Yona,

Pokea salamu nyingi kutoka Makole. Sisi ni wazima, mtama tumeshavuna, na upepo wa msimu huu unavuma na vumbi lake kama unavyoujua. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini leo nina ombi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitatembea kwa miguu kutoka mjini hadi Kongwa, kupitia Ihumwa, Buigiri na Mbande, ili watu wanichangie fedha za kuwasaidia wagonjwa wa vikope, yaani trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Aliyenisukuma ni bibi yake Chiku. Kope zake zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho kila anapopepesa, naye huzing'oa kwa kibano, kisha zinaota tena. Upasuaji wa kuurekebisha ukope hufanywa kwa ganzi, na kwa kawaida mgonjwa harazwi; kinachomkwamisha bibi ni nauli, chakula cha njiani, na mjukuu wa kumwongoza, ambaye siku hiyo atakosa kibarua. Jicho likishapata kovu, upasuaji hauwezi kumrudishia uoni uliokwisha kupotea, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ndio wanaolea watoto wadogo, ambao huwa na maambukizi mengi, na ugonjwa huhamia kwao kwa mikono, kwa kanga za kufutia nyuso na kwa nzi. Dawa ya azithromaisini inayogawiwa kijiji kizima huua vijidudu, na kunawa uso husaidia kuzuia maambukizi mapya, lakini kope iliyokwisha kugeuka hainyooshwi na kidonge.

Mwalimu Lazaro anashauri tuchapishe fulana na kukodi gari la matangazo. Namheshimu sana, ila hapo siafikiani naye hata kidogo: fedha iliyotolewa kwa ajili ya nauli ya mgonjwa imlipie mgonjwa nauli, pamoja na ya yule anayemshika mkono.

Kwa hiyo nakuomba uwe mtunza fedha. Watu wanakuamini tangu uliposhika hesabu za kwaya, nami sitaki michango ipitie kwenye simu yangu mwenyewe. Je, utakubali? Unaweza kufika kabla ya mwisho wa mwezi, tukae pamoja na Mama Chiku? Yule daktari wa macho mliyesoma naye bado yuko Dodoma? Na wewe mwenyewe, je, ungeweza kutembea nami walau kutoka Mbande hadi Kongwa?

Nasubiri jibu lako.

Rafiki yako,
Amosi