Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulipanga kusoma mada sita za hisabati ya akili bandia. Tumesoma moja na nusu. Hiyo moja ilitung'ang'ania.

Swali lenyewe ni hili: inakuwaje mtandao wa nyuro, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ukariri na bado uelewe? Walimu miongoni mwetu wanamjua mwanafunzi aliyekariri mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ya miaka iliyopita: badilisha namba mbili, kalamu inaanguka. Nadharia ilikuwa upande wa walimu. Wanahisabati Vapnik na Chervonenkis walionyesha mwaka 1971 kwamba kadiri unavyojiruhusu fomula nyingi za kuchagua, ndivyo unavyohitaji mifano mingi kabla ya kuliamini jibu lako. Halafu mwaka 2016 Chiyuan Zhang na wenzake wakachukua picha 50,000 za mazoezi za CIFAR-10, mkusanyiko wa picha ndogo za wanyama na magari, na kuzipa majina ya kubahatisha, chura akaitwa lori, na mtandao ukazimeza zote bila kosa. Mtandao wa aina ileile, ukipewa majina ya kweli, hutambua vizuri hata picha ambazo haujawahi kuziona. Nadharia ya 1971 haikukosea, ila hapa haitusaidii kitu.

Jumamosi tatu ziliishia kwenye mchoro mmoja, ule wa Mikhail Belkin na wenzake wa mwaka 2019. Ukiongeza vigezo vya modeli, yaani namba ambazo modeli huzirekebisha inapojifunza, makosa kwenye data mpya hupungua, kisha hupanda hadi kilele pale vigezo vinapofikia idadi inayotosha kwa shida kuimeza mifano yote, kisha hupungua tena. Mimi nilibisha. Katibu akaijaribu kwenye laptopu yake kwa regresheni ya kawaida, yaani kutafuta mstari unaofuata nukta za data, bila nyuro hata moja, na kilele kikatokea pale idadi ya vigezo ilipolingana na ya mifano. Nikanyamaza. Pale kileleni suluhisho linalopita kwenye nukta zote ni moja tu, nalo hujipinda vibaya. Ukivuka hapo masuluhisho ni mengi, na njia ya kushuka mteremko, ile ya kupunguza makosa hatua kwa hatua, ikianzia sifuri hulichagua lenye vekta fupi kuliko yote, yaani lenye vigezo vidogo zaidi kwa jumla. Kwa regresheni jambo hilo lina uthibitisho wa kurasa chache. Kwa mitandao mikubwa wataalamu bado wanahangaika, na hapo ndipo ninapotaka vijana wetu waingie.

Waliouliza haya yanamhusu nini mkulima, wakumbuke picha za muhogo za kituo cha utafiti cha Namulonge na Chuo Kikuu cha Makerere: zaidi ya 21,000, za majani yenye magonjwa manne na yaliyo mazima. Zaidi ya nusu ni za ugonjwa wa batobato. Modeli inayojibu "batobato" kila mara itapata zaidi ya nusu ya maksi bila kujua lolote. Isitoshe, uthibitisho karibu wote tuliousoma unachukulia kwamba data ya mtihani inatoka chungu kimoja na ya mazoezi. Simu nyingine, shamba lingine, mvua nyingine: chungu si kile.

Ile nusu mada ni hesabu ya usafirishaji, iliyoanza na mwanahisabati Monge mwaka 1781 akitafuta njia nafuu ya kuhamisha udongo, na kukamatwa upya na Kantorovich mwaka 1942. Leo hupima umbali kati ya data mbili, yaani zinavyotofautiana. Tuliieleza kwa matoke ya Mbarara na masoko ya Kampala, tukaishia hapo umeme ulipokatika.

Kuhusu lugha: tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kufundishwa shuleni mwaka 2022, tumeombwa zaidi ya mara moja maelezo ya Kiswahili. Kamati imekubaliana na "ukariri" na "mteremko". Kuhusu "kigezo" bado tunagombana, kwa kuwa wengine hulitumia kwa maana ya kipimo.

Fedha hazikutosha kununua projekta, kwa hiyo ubao utaendelea. Mwakani tutaanza na swali la chungu. Katibu ataleta data ya mashamba mawili tofauti, na anayetaka kuisaidia kazi hiyo ampe jina lake leo. Wenye madeni ya ada wamwone mhazini kabla ya chai.

Mwenyekiti