Mpango wa kata uanze na ramani ya ardhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kuhusu kuhuishwa kwa mpango wa maendeleo wa kata yetu, mojawapo ya kata za pembezoni mwa Manispaa ya Ubungo, ambako tangu lami ifike Goba na kuendelea hadi Madale, mashamba ya mihogo na mikorosho yamekatwa viwanja kwa kasi ambayo mpango uliopo haukuitarajia.

Rai yangu ni kwamba kazi hiyo ianze na ramani ya ardhi, ndipo ije orodha ya miradi. Kwa mazoea, mkutano wa mtaa hukusanya mahitaji, yaani madarasa, zahanati na visima, kisha orodha hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye halmashauri, bila mtu kuuliza zahanati hiyo itasimama wapi. Fedha zikipatikana, eneo halipo. Eneo likipatikana, lina mwenyewe, na fidia yake yaweza kumaliza fungu la ujenzi.

Urasimishaji makazi umewapatia wengi hati, nami siubezi, lakini kazi yake ni kupima kilichokwisha kujengwa, hauwezi kurudisha uwanja wa shule uliokwisha kuuzwa. Jiji hili lina uzoefu wa mipango iliyopitwa na wakati: Mpango Kabambe wa 1979 ulikusudiwa kwa miaka 20, ukaendelea kutegemewa muda mrefu baada ya hapo. Wakati huo huo wakazi wa mkoa, waliokuwa 4,364,541 katika sensa ya 2012, walifika 5,383,728 mwaka 2022, na wengi wanaotafuta kiwanja hukimbilia huku kwetu.

Ramani hiyo ioneshe pia njia za maji. Vilima vyetu hushusha mvua kwa nguvu, na kila ukuta unaojengwa kwenye mkondo humsukumia maji jirani wa bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mpaka huo ukichorwa na kubandikwa katika ofisi ya mtaa, mnunuzi atauona kabla ya kulipa, si siku ukuta wake unapopigwa alama ya X nyekundu.

Naomba, basi, mikutano ya mitaa iitishwe kabla mapendekezo ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hayajapelekwa halmashauri, maofisa mipango miji wahudhurie, na wenye mashamba makubwa ambayo hayajakatwa waalikwe mapema, maana hao ndio ambao bado tunaweza kuzungumza nao bei.

Mkazi wa Ubungo,
Dar es Salaam