Kufungwa kwa wakili Kiiza kunatuhusu sisi wa Kisumu

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kesi za Uganda tuwaachie Waganda. Mtu wa Kisumu hana uso wa kusema hivyo. Julai 2024 wafuasi 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikamatwa papa hapa mjini, walikokuja kwa mafunzo, wakavushwa mpaka bila kumwona hakimu wa Kenya, wakasomewa mashtaka ya ugaidi Kampala. Novemba mwaka huo huo Dkt Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, akatekwa Nairobi, akaibukia mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala.

Yaliyofuata ndiyo yananikera zaidi. Januari 7, 2025 wakili wake, Eron Kiiza, alitaka kwenda kuketi na mawakili wenzake, wanajeshi wakamzuia. Pakazuka mvutano, na siku hiyo hiyo mahakama ikamfunga miezi tisa, eti ameidharau. Januari 31 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Kiiza hakutoka. Dhamana aliipata Aprili.

Mimi ni mpiga taipu. Kibanda changu kiko karibu na mahakama, na hati za kiapo ndizo zinazonilisha. Ya mtu aliyekamatwa haiji na mwenyewe. Huletwa na mama yake au shemeji, jina la kituo cha polisi limeandikwa nyuma ya bahasha ya dawa. Nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, hana. Siku yenyewe anababaisha. Wakili ndiye huvuta stuli akaanza kumuuliza polepole: ilikuwa saa ngapi, mama, gari lilikuwa la rangi gani, nani mwingine aliona? Nami napiga chapa, aya baada ya aya, mpaka kilio kinakuwa ombi ambalo jaji hawezi kulipuuza. Mfunge huyo wakili uone kama mama atabaki na chochote ila bahasha yake.

Wala tusijifanye watakatifu. Februari 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliwekwa kizuizini hapa Kenya baada ya kuiarifu serikali kuwa angeishtaki kwa niaba ya wateja wake walioteswa. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, wametoka kwenye kesi katika mahakama ya Mavoko. Polisi watatu na raia aliyekuwa akiwapasha habari walipatikana na hatia 2022.

Wabunge wetu waulize bungeni ni nani aliyeidhinisha wale 36 wavushwe bila amri ya mahakama. Nacho Chama cha Mawakili kitume watu Kampala kila kesi ya mwenzao inapotajwa. Taarifa za kulaani hata sisi wa vibandani tunaweza kuziandika.

Mpiga taipu,
Kisumu