Beti iliyokatwa Siku ya Haki za Binadamu

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijapata kukuandikia. Kilichonishikisha kalamu ni ile habari yenu ya semina ya sanaa na demokrasia iliyofanywa hotelini mjini Unguja. Mliandika kuwa wazungumzaji wote walikubaliana kwamba sanaa ni kioo cha jamii, na kwamba wasanii wa Zanzibar wana wajibu wa kuwaelimisha wananchi juu ya haki zao. Hamkututajia hata mmoja aliyeuliza: msanii akishaandika hiyo elimu, nani anaipitia na kuikata kabla haijafika jukwaani?

Mimi ni mshairi, nakaa Wete, nafundisha vijana ngonjera na maigizo. Mwaka jana ofisi moja ya huku kwetu ilituomba ngonjera ya tarehe 10 Disemba, Siku ya Haki za Binadamu. Tukaandika, vijana wakahifadhi. Kisha tukaambiwa tupeleke maandishi "yapitiwe". Yaliporudi, beti hii ilikuwa imepigwa mstari:

Mfereji tulipewa, utepe tukauona,
Hotuba zikatolewa, makofi yakapishana,
Wiki moja haijawa, maji yakakosekana,
Tukiuliza twambiwa, mambo hayo ni fitina.

Afisa aliniambia kwa upole, "Mwalimu, hii itamuudhi mgeni rasmi. Tuwekee beti ya shukurani." Nilimwomba aniandikie maneno hayo. Akasema hapana haja ya maandishi, sisi sote ni wamoja. Msichana aliyekuwa ameihifadhi beti hiyo akatolewa mstarini, akakaa pembeni na sare yake, akawatazama wenzake wakisoma mbele ya bango lililoandikwa haki za binadamu.

Nataka wale wa hotelini waniambie kioo hicho kinaonesha nini. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo ndilo tuliloalikwa kulisherehekea, kifungu cha 19 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na cha 27 kinampa haki ya kushiriki katika utamaduni na sanaa za jamii yake. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina uhuru wa maoni katika kifungu cha 18. Vyama vingi tunavyo tangu 1992. Sasa mtazameni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi. Aliimba chini ya Sultani na Mwingereza, katika nchi ambayo uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulikuja 1957, na yeye alikwishafariki 1950. Hakuona sanduku la kura. Lakini mwanamke alipouawa, muuaji akakimbilia bara na mashahidi ndio wakatiwa jela, Siti aliliimba jambo hilo, na jina la muuaji huyo, Kijiti, linajulikana mpaka leo kwa sababu ya wimbo, wala si kwa sababu ya faili la mahakama. Watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge mjini Unguja, hawakuwa na mbunge wala mwakilishi. Walikuwa na sauti ya Siti. Yeye alisema pasipokuwa na demokrasia, na sisi wenye Katiba na kura tunashindwa kuvumilia mistari minne ya mfereji. Tena hapa Pemba, kisiwa cha Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa mashairi mpaka sifa zao zikavuka bahari! Ukitaka kujua uhuru wa watu umefika wapi, usitazame ngonjera iliyosomwa. Tafuta ile iliyofutwa, usome hapo.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme na hili. Vijana hawa huitwa asubuhi na mapema, hukaa juani mpaka mgeni rasmi afike, na akichelewa, kinachopunguzwa ni ngonjera, si hotuba. Malipo yao ni soda na nauli, na nauli yenyewe huja baada ya kufuatwa ofisini mara kadhaa. Mwenye kupiga spika hulipwa siku ile ile. Matamasha makubwa yako Unguja. Wa Wete apande boti kwa pesa yake akawasikilize wengine. Haki ya msanii kulipwa kazi yake nayo ni haki, na katika habari yenu ya semina sikuiona.

Pendekezo langu ni hili. Ofisi yoyote itakayokata beti au mstari wa igizo ifanye hivyo kwa maandishi: maneno yaliyokatwa, sababu, jina na saini ya aliyekata. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni pa ukumbi siku ya onesho, pahala ambapo mgeni rasmi ataiona anapoingia, na nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa, Kilimani, ihifadhiwe pamoja na barua za serikali. Tarehe 10 Disemba ijayo ndiyo siku ya kuanzia.

Na ninyi gazeti mtupe robo ukurasa kila mwezi kwa beti zilizokatwa. Ya kwanza mnayo hapo juu. Msichana aliyeihifadhi bado anaikumbuka yote, na yuko tayari kuisoma redioni pia kama kuna kituo kitakachomwita.

Mshairi,
Wete, Pemba