Kabla ya gari la umeme, tuulizane habari za mita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako. Natafuta gari tangu mwaka jana, na kila ninayemuuliza kama nichukue la umeme au la petroli hunijibu kwa bei ya mafuta. Ikifika Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati, ikishatangaza bei mpya ya mafuta, kijiwe chetu hapa Sakina chote kinakuwa cha wataalamu wa betri. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza: wewe gari utalilaza wapi, na mita ni ya nani?

Mimi ni mpangaji. Tuko kaya nne kwenye mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla, tunachangishana. Nyumba yenye watu wengi hivyo haiwezi kubaki kwenye unafuu wa wanaotumia chini ya uniti (kilowati-saa) 75 kwa mwezi, kwa hiyo umeme wa shilingi 10,000 unatupa uniti 28 basi. Hata kwa bei hiyo, gari la umeme linashinda. Nilikuwa nalipigia hesabu Nissan Leaf ya matoleo ya mwanzo, iliyotumika Japani, yenye betri ya uniti 24. Kilomita 100 zingekula uniti kama 17, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni kama shilingi 6,000. Toyota IST ya petroli inayokwenda kilomita 13 kwa lita, petroli ikiwa 3,000 hivi, itamaliza 23,000 kwa mwendo uleule.

Sasa nenda kamwambie mama wa chumba cha pili, anayechangia elfu tano kwa ajili ya taa na pasi, kwamba usiku wa jana gari langu limekunywa uniti 20. Nilipendekeza nifunge submita, mita ndogo ya kupima umeme wangu peke yangu. Mzee mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nyaya za nyumba hii zilitandazwa kwa ajili ya taa na redio, si kwa kitu cha kuvuta umeme usiku kucha. Nilitaka kubishana, lakini nikakumbuka soketi ya jikoni inavyopata moto tukichomeka hita ya maji.

Jambo la pili ni mlima. Kila Jumapili nakwenda Moshi, kilomita 80. Kwenda hakuna shida: unateremka, na ukiachia mafuta (sijui kwenye umeme tutasemaje) mota inageuka jenereta na kurudisha kidogo kwenye betri. Kazi iko kwenye kurudi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati pale uwanja wa ndege wa KIA, njiani, ni chini ya 900. Kulipandisha gari la tani moja na nusu kwa mita hizo 500 tu ni uniti 2 kamili, mbali na zile za mwendo wenyewe. Kwa betri mpya si kitu. Kwa betri iliyochoka, unaweza kujikuta Tengeru, kabla hujafika Arusha, unatafuta mtu mwenye kamba.

Na hapo ndipo nina ugomvi na wauzaji. Leaf huonyesha afya ya betri kwa vijiti 12 kwenye dashibodi. Vikibaki 8, betri imeshapoteza kama theluthi moja ya uwezo wake. Betri hiyo haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, kwa hiyo joto huizeesha haraka. Lakini picha nilizotumiwa zilionyesha viti, rimu, hata zulia jipya. Nilipoomba picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, muuzaji mmoja alinijibu, "Gari lipo vizuri sana, kaka." Mwingine akaacha kupokea simu.

Wanaosema umeme utakatika siwapi uzito sana. Mgao wa mwishoni mwa 2023 tuliuonja wote, na tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilizimika. Ila mwaka huohuo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ilianza kuwashwa, na mgao ukaisha. Isitoshe, umeme ukikatika hata pampu za sheli zinasubiri jenereta.

Ombi langu ni kwa wenye sheli na nyumba za wageni wa Usa River na Boma Ng'ombe, kwenye barabara hiyo ya Moshi. Fungeni soketi moja nzito nje, yenye mita yake, mtuuzie kwa uniti. Hata mkisema shilingi 500 kwa uniti, sisi bado tunaokoa, nanyi mtatuuzia supu na chapati huku tunasubiri. Na kusubiri kwenyewe si kwa dakika tano.

Dada yangu yuko Moshi, Rau, kwenye nyumba yake na mita yake, na kazini kwake ni kilomita 6. Yeye nimemwambia achukue la umeme bila kusita, mradi avihesabu vile vijiti kwanza. Mimi wiki iliyopita nimelipia IST. Nikihamia kwangu tutaongea upya.

Mpangaji,
Sakina, Arusha